Aliyekuja kwa Makasia

Torleiv wa shamba la Skuggevik alisema kitukuu wake akiitwa Jon, yeye hakanyagi kanisani. Alisema hivyo jikoni kwake, mbele ya mjukuu wake Marte aliyekuwa amempakata huyo mtoto, na mbele yetu sisi majirani, mimi na mke wangu Borghild, tuliokuwa tumekuja kumpongeza mzazi. Borghild alikuwa na kipande cha jibini ya kahawia mkononi. Akakirudisha kwenye sahani.

"Babu, ni jina la hapa hapa nyumbani," Marte alisema. "Jon ndiye wetu wa kwanza Skuggevik."

"Wa kwanza, ndiyo. Na kabla yake nani?"

"Mimi nitajuaje?"

"Basi muulize Borghild. Yeye ndiye aliyeandika."

Marte akajitia kumfunga mtoto kofia ambayo ilikwisha fungwa. Ubatizo ulikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata na mialiko ilikuwa imeshatoka.

Ni kweli, Borghild ndiye aliyeandika. Kitabu cha bonde letu ni kazi yake: kila shamba, kila nyumba, nani alizaliwa humo, nani alimwoa nani, nani alivuka bahari kwenda Amerika asirudi. Kila familia huku inacho, kimekaa kando ya Biblia, na nikisema ukweli ndicho kinachosomwa zaidi. Ukienda ukurasa wa Skuggevik utakuta: Jon, mwana wa Per, asili yake haijulikani. Alikuja akiwa kibarua, akamwoa Brita, binti pekee wa nyumba ile.

Kwa mgeni maneno hayo hayana ubaya. Kwetu huku yalikuwa chumvi kwenye kidonda. Tangu enzi za babu zetu watu wa Skuggevik wanaitwa Magogo, kwa sababu gogo huletwa na maji, hakuna ajuaye lilikatwa msitu gani. Nilisoma darasa moja na mdogo wake Torleiv, na nakumbuka tulivyokuwa tukimwimbia uwanjani: gogo limeokotwa, gogo limeota mizizi. Torleiv sasa ana miaka themanini na sita, mapafu yake yanapiga filimbi akipanda ngazi, na bado anausikia wimbo ule. Kisha mke wangu akaja akauchapa kwenye kitabu chenye jalada gumu.

Tulirudi nyumbani kwa gari kupitia lile handaki. Silipendi lile handaki. Nilikuwa nahodha wa kivuko cha fjordi hii, ghuba nyembamba iliyopenya kati ya milima, maisha yangu yote ya kazi, mpaka walipotoboa mlima wakanifanya mstaafu. Kwa kawaida tukiwa humo ndani mimi hulalamika na Borghild hunitania. Siku hiyo nililalamika peke yangu.

"Kwani nimekosa nini?" aliniuliza tulipotoka upande wa pili. "Sikusema ni mtu mbaya. Nilisema haijulikani. Haijulikani ni haijulikani."

"Sijasema kitu, mama."

"Lakini umenyamaza kwa namna yako."

Lazima niwaeleze kuhusu huyu mwanamke, maana bila hivyo mtamwona mwenye kiburi. Kiburi anacho, sikatai. Lakini anasoma mwandiko wa wachungaji wa zamani, ule wa herufi zilizopinda kama mifupa ya samaki, kama mimi ninavyosoma mawimbi. Anawajua kwa mikono yao: huyu alikuwa na haraka, huyu alikuwa mlevi, huyu aliandika vizuri mpaka mkewe alipofariki. Akipata jibu sahihi hakai naye mtu nyumba moja. Nimekaa naye miaka hamsini na nitakaa naye tena nikipewa nafasi.

Na huyo Jon, Borghild alikwisha kumtafuta. Enzi za Jon usharika wetu ulikuwa mkubwa mno, wenye kanisa kuu upande wa fjordi unaopigwa na jua na mitaa miwili yenye makanisa madogo. Mchungaji alikuwa mmoja. Jumapili hii yuko kanisa kuu, Jumapili ijayo mtaa mmoja, ile nyingine mtaa wa pili. Baadaye usharika ukagawanywa, vitabu vyake vya ubatizo na mazishi navyo vikagawanywa, na mtu asiyejua mgawanyo huo anaweza kutafuta ubatizo wa babu yake mpaka azeeke, kumbe umelala kwenye kitabu cha jirani. Borghild aliujua mgawanyo huo kama sala ya Baba Yetu. Alipitia kanisa kuu, akapitia mitaa, akapitia sharika zote zilizopakana nasi. Akina Jon wana wa Per walikuwa tele, lakini kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kufia, si Skuggevik. Wa kwetu hakuwamo.

Jioni ile alikaa na kitabu chake mwenyewe magotini. Mimi nilikuwa namenya viazi. Nikasogea nikasoma juu ya bega lake, jambo asilolipenda. Pale palikuwa na watoto wa Jon na Brita: Per, kisha Gunnvor mwenye alama ndogo ya msalaba, kisha Gunnvor mwingine, kisha wengine.

"Huyu Gunnvor mwenye msalaba," nikasema, "alikufa mwaka gani?"

"Alikufa mdogo."

"Mwaka gani?"

"Mzee, jina likirudiwa maana yake wa kwanza amekufa. Walirudia hivyo. Toa maganda yako kwenye kitabu."

"Nauliza tu. Wengine wote umewaandikia mwaka, huyu umempa msalaba mtupu."

Nilikuwa namchokoza, si zaidi. Lakini nilimwona akiitazama ile alama, halafu akafunga kitabu polepole na kwenda kuwasha kompyuta. Siku hizi vitabu vya kanisa vyote vimepigwa picha, unavisoma ukiwa na soksi miguuni. Viazi nilivila peke yangu.

Alianza na mazishi. Alipita orodha za waliozikwa kutoka mwaka aliobatizwa Gunnvor wa kwanza kwenda mbele, mwaka baada ya mwaka. Walikufa watoto wengi sana miaka ile, mke wangu alikuwa akinisomea majina mpaka nikamwomba aache. Gunnvor wa Skuggevik hakuwamo. Siku ya pili akahamia kwenye kipaimara, mahali ambapo kila kijana alisimama mbele ya mchungaji na kuulizwa imani yake. Nilikuwa nje napasua kuni niliposikia akiniita. Hakuita kwa sauti kubwa, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

"Soma hapa," aliniambia.

"Sijui kusoma hivyo vidudu."

"Gunnvor, binti wa Jon, Skuggevik. Amepata kipaimara. Sasa tazama huku, miaka michache mbele. Gunnvor, binti wa Jon, Skuggevik. Amepata kipaimara."

"Wamemwandika mara mbili?"

"Ni wawili. Wote walikuwa hai, mzee. Walilala kitanda kimoja, wakala chungu kimoja, huyu Gunnvor Mkubwa na huyu Gunnvor Mdogo." Akavua miwani. "Nimemuua mtoto wa watu. Miaka yote hii nimempa msalaba, na alikuwa mzima anakamua ng'ombe."

Nilitaka kumwambia kukosea si kosa, kosa ni kurudia kosa, lakini nilimjua. Methali kwake wakati kama ule ni sawa na kumpa mtu mwenye njaa picha ya mkate.

Alikuwa na haki ya kujilaumu, kwa kuwa alijua desturi. Kwa watu wetu wa zamani jina halikuchaguliwa kwa uzuri. Mtoto alibeba jina la bibi au babu, hasa kama huyo bibi au babu amefariki, na kumnyima mzazi wako jina ilikuwa kama kumzika mara ya pili. Na ikitokea bibi wote wawili wana jina moja, basi watoto wawili wataitwa jina moja, maana kila bibi anadai mjukuu wake. Borghild aliwahi kuwafundisha wengine jambo hilo. Alipofika Skuggevik alikuwa na haraka, mchapaji alikuwa akimsubiri, akaona jina limerudiwa, akaweka msalaba na kuendelea na shamba la pili.

"Mama yake Brita aliitwa Gunnvor," alisema. "Huyo ninaye, na kaburi lake ninalo. Gunnvor Mkubwa ni wake. Sasa Gunnvor Mdogo ni wa nani?"

"Wa mama yake Jon."

"Wa mama yake Jon," akarudia, na nikaona rangi inamrudia usoni. Kwa hiyo sasa hatukuwa tena na Jon mwana wa Per, ambaye ni kila mtu. Tulikuwa na Jon mwana wa Per na Gunnvor.

Akafungua ubatizo wa Gunnvor Mdogo. Aliwahi kuusoma zamani, lakini aliusoma kama mtu anayehesabu vichwa. Safari hii alisoma wasimamizi, wale watu watano waliosimama na mtoto. Wanne walikuwa majirani ambao tayari wamo kitabuni mwake. Wa kwanza kabisa, ambaye ndiye mwenye heshima ya kumbeba mtoto mpaka kwenye maji, alikuwa mwanamke anayeitwa Eli, wa Sauøya.

"Huyu nilidhani ni kibarua wa msimu wa samaki," Borghild alisema. "Wasichana wa visiwani walikuja kupakia samaki kwenye mapipa. Lakini nani humpa kibarua mtoto wake ambebe?"

"Sauøya?" nikasema. "Kile kisiwa cha mdomoni kabisa, pale fjordi inapomwagika baharini?"

"Ipo moja tu."

"Huko ni mbali."

"Ni mkoa mwingine. Sikutafuta huko, kwa nini nitafute huko? Hatupakani nao. Kuna sharika nne katikati."

Hapo nikacheka, na ninaomba msamaha kwa kuwa kicheko kile kilikuwa na uchungu wa handaki ndani yake. Nikamwambia sharika nne ziko katikati kwa mtu mwenye gari. Kwa mtu mwenye mashua katikati hakuna kitu, ni maji tu. Nilipokuwa kijana tulikuwa tukifika Sauøya kabla chai ya chupa haijapoa, kwa injini lakini, si kwa makasia. Wazee wetu waliona fjordi kuwa barabara na mlima kuwa ukuta. Sisi tumegeuza, tumetoboa ukuta na kuisahau barabara.

"Ukimaliza kuhutubia," Borghild alisema, "nipishe kiti."

Sauøya haikuwahi kuwa usharika. Ilikuwa mtaa, kanisa dogo la mbao juu ya jabali, chini ya mchungaji aliyekaa bara huko upande wa pili. Watu wake waliandikwa nyuma ya kitabu chake, kurasa za peke yao. Na mchungaji yule alifika kisiwani pale tu bahari ilipomruhusu. Ndiyo maana ubatizo wa Sauøya hauji mmoja mmoja. Kurasa zinakaa tupu majira ya baridi yote, halafu siku moja ya kiangazi anateremka mchungaji, na watoto wanapangwa mstari, wengine wameshaota meno. Mwandiko wake unatetemeka kidogo. Borghild alisema bado alikuwa na kichefuchefu cha mashua, na mimi niliamini.

Alimkuta Jon katika mstari mmoja wa namna hiyo, kati ya pacha na mtoto wa mvuvi mwingine. Jon, wazazi Per na Gunnvor, Sauøya. Kurasa chache kabla yake alikuwa Eli, wazazi wale wale.

Hakushangilia. Aliendelea kusoma, kwa kuwa sasa hakutaka kumkosea mtu tena. Per alikufa maji Jon akiwa bado mdogo, na mwili haukupatikana. Mchungaji ameliandika hilo kwa maneno mawili. Gunnvor mjane aliishi sana. Alizikwa majira ya kuchipua, mwaka ule ule ambao Gunnvor Mdogo alizaliwa huku kwetu, mwezi wa Oktoba.

Borghild aliweka mkono mdomoni. Nami nikaelewa, ingawa mimi ni mzito wa mambo haya. Mama yao alikufa, na huku ndani ya fjordi kaka mtu alikuwa anatarajia mtoto. Tayari alikuwa na Gunnvor mmoja. Mtu mwingine angesema inatosha. Eli alishika makasia, akaja Oktoba, dhidi ya maji yanayotoka fjordini na upepo wa majira yale, ili jina la mama yake lisikose mtu wa kulibeba. Alimbeba yeye mwenyewe mpaka kanisani. Nimeendesha vyombo baharini tangu nikiwa na ndevu tatu, na nawaambia sijawahi kumstahi nahodha yeyote kama ninavyomstahi mwanamke yule.

Siku iliyofuata Borghild alichukua kitabu chake na kalamu, akaniambia nimpeleke Skuggevik. Alivaa koti lake la kanisani. Njiani mimi sikulitukana handaki.

Torleiv alikuwa peke yake, amekaa dirishani akiangalia maji. Alitukaribisha kahawa kwa kidole tu, kwa kuwa pumzi ilikuwa haba.

"Nimekuja kurekebisha kitabu chako," Borghild alisema akiwa bado amesimama. "Nilikosea. Nitapita nyumba zote, lakini nimeanza na yako. Kiko wapi?"

Torleiv alionyesha rafu. Borghild alikitoa, akafungua, akageuza kurasa, akarudi nyuma, akageuza tena. Ukurasa wa Skuggevik haukuwepo. Ulikuwa umekatwa vizuri kwa kisu, mpaka mshononi.

"Niliukata siku ile uliyoniletea," Torleiv alisema. "Nikawashia jiko. Usinichukie, Borghild. Kitabu chenyewe ni kizuri. Kurasa nyingine zote nimezisoma."

Mke wangu, ambaye nimemsikia akibishana na maprofesa na hata na askofu mmoja, alivuta kiti akakaa. Machozi yalimtoka bila kujificha. Halafu akaanza kumweleza, bila kujitetea hata kidogo: wale Gunnvor wawili, kipaimara, msalaba alioweka kwa haraka, Sauøya, Per aliyekufa maji, mjane, na Eli.

Torleiv alisikiliza yote. Borghild alipomaliza, aliuliza jambo moja.

"Alikuja na nini, huyo Eli?"

"Mashua. Njia nyingine haikuwepo."

"Oktoba?"

"Oktoba."

Torleiv alikuwa mvuvi kabla mapafu hayajamwangusha. Aligeuka tena dirishani, akayaangalia maji kama mtu anayekadiria kazi. Nilijua anachohesabu, kwa kuwa nami nilikuwa nimekihesabu.

"Leidulf," akaniita jina langu, "umewahi kuona gogo likienda kinyume na mkondo?"

"Bado, ndugu yangu."

"Mimi pia bado." Akamgeukia mke wangu. "Per na Gunnvor. Eli na Jon. Niandikie, Borghild, kalamu si unayo? Andika kwa herufi za kusomeka, si hivyo vidudu vyenu."

Akamwandikia. Tulipokuwa tunaondoka alituambia mambo mawili. La kwanza, Jumapili hapandi gari la mtu. La pili, amezungumza na Marte tangu zamani kwamba mbebaji wa mtoto atakuwa shangazi yake wa mjini, lakini shangazi huyo mgongo unamuuma na atafurahi kupumzika. "Wewe umekwenda mpaka Sauøya kwa ajili yetu," alimwambia Borghild. "Umechelewa, lakini umekwenda. Utambeba wewe."

Jumapili hiyo maji yalikuwa shwari, asante Mungu. Tulitoa mashua yake ya zamani bandani, ile ambayo wazee wake walivukia kwenda kanisani, tukaijaribu ikavuja kidogo tu. Tulipiga makasia mimi na mume wa Marte. Borghild alikaa nyuma na mtoto amefunikwa mablanketi, na Torleiv alikaa mbele na suti yake nyeusi, anatukosoa. Karibu na gati akatuambia tumwachie kasia moja. Tulimwachia. Alivuta mara chache, filimbi ikilia kifuani, na watu waliokuwa wakishuka kwenye magari yao wakasimama kutazama. Palikuwa na wazee kadhaa pale wa rika letu. Nao pia walikuwa wakiujua ule wimbo.

Kanisani Torleiv alikaa benchi la mbele. Mchungaji wetu siku hizi ni dada mmoja kutoka kusini, mchangamfu, hajui habari zetu hata moja. Alisoma yote ya kusomwa, akamgeukia Borghild aliyekuwa amembeba mtoto kando ya birika la ubatizo, na kumuuliza kama inavyoulizwa siku zote mtoto anaitwa nani.

Borghild alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Mchungaji alitabasamu akangoja. Marte akataka kumsaidia.

Ndipo benchi la mbele likalia, na Torleiv akasimama, ameshika ukingo wa mbao kwa mikono yote miwili.

"Jon," alisema, na kanisa zima likamsikia. Akavuta pumzi, ikachukua muda, na hakuna aliyekohoa. "Jon wa Per na Gunnvor, wa Sauøya."

Mchungaji alimtazama, akamtazama mtoto, akachota maji.